Mbegu Kama Chambo: Kwa Nini Samaki Hawaumi, na La Kufanya

Mbegu iliyopikwa vizuri ni miongoni mwa vyambo vya bei nafuu kabisa kwenye mito na mabwawa ya Uingereza, na hulaumiwa isivyo haki kuliko chambo kingine chochote. Mtu hununua mfuko wa hempu, huupika haraka haraka, huumwaga majini kwa mikono miwili, hukaa saa mbili bila kuguswa, kisha hurudi kwenye funza na nyungunyungu akisema mbegu ni hadithi za wazee. Mara nyingi mto hauna kosa. Kosa liko kwenye sufuria, au kwenye mkono unaotupa.

Nimeandika haya kwa Waswahili wanaoishi Uingereza na wanaovua samaki wa maji baridi wasio samoni wala trauti: rochi, chabu, barbeli, karpi, tenchi na brimu. Huku samaki hawa huvuliwa kwa burudani, na wengi wao hurudishwa majini wakiwa hai. Kama bado hujaanza, kumbuka mambo mawili. England na Wales, aliyefikisha miaka 13 anahitaji leseni ya fimbo ya kuvulia (rod licence). Na mito hufungwa kwa samaki hawa kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, siku hizo mbili zikiwemo. Msimu ukifunguliwa tarehe 16 Juni maji yameshapata joto, na huo ndio wakati mbegu inapofanya kazi yake kuliko wakati wowote.

Jambo moja la maumbile lazima ulijue, kwa sababu nusu ya dalili zilizo hapa chini zinatokana nalo. Samaki hawa ni wa ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Viktoria. Hawana meno kwenye taya. Meno yao yako kooni. Hawana pia tumbo halisi la kuhifadhi chakula, kwa hiyo hula kidogo kidogo muda mrefu. Samaki huivuta punje pamoja na maji, huionja, huipeleka kooni, huiponda, humeza kiini na kutema ganda. Yote hayo kwa muda mfupi sana. Unapovua kwa mbegu unajaribu kuingilia kati ya kuvuta na kutema.

Hempu imechemka lakini haikupasuka

Hempu ni mbegu ya mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi na mafuta. Hailevyi, na Uingereza huuzwa wazi kwenye maduka ya vifaa vya kuvulia. Ikiiva, ganda lake huwa jeusi, hupasuka ukingoni, na kichipukizi cheupe huchungulia. Usipokiona, kwanza jiulize kama uliiloweka. Saa 24 ndani ya maji baridi ndicho kipimo, na maji yazidi mbegu kwa vidole kadhaa maana zinakunywa sana. Mbegu kavu iliyotupwa moja kwa moja kwenye maji ya moto huiva ganda na kubaki ngumu ndani.

Sababu ya pili ni moto. Wengi huchemsha kwa fujo dakika 10 na kuzima. Acha maji yachemke, halafu punguza moto mbegu zitokote taratibu dakika 20 hadi 30, ukichota chache kuzitazama. Zima zikiwa nyingi zimefunguka, lakini si zote. Funika sufuria uziache zipoe ndani ya maji yake. Hapo zilizobaki zitaendelea kufunguka zenyewe. Maji hayo usiyamwage. Ndiyo yenye mafuta na harufu, na mbegu ikitoka ndani yake hukauka ganda na kuanza kuelea.

Kama umeloweka, umepika polepole, na bado punje nyingi zimefumba, basi mbegu ni nzee. Kabla hujapika mfuko mzima, jaribu ujazo wa kikombe kimoja.

Ukitaka ziwe nyeusi zaidi, tia kijiko kidogo cha baking soda kwenye maji ya kuchemshia. Aliyekulia nyumba inayopika makande anajua magadi yanavyolainisha punje ngumu. Kazi ni ileile, ila hapa unatafuta na rangi. Usizidishe, ganda litalegea na kiini kitatoka.

Kiini kikishatoka, na sufuria imejaa maganda matupu upande mmoja na viini upande wa pili, hiyo haifai ndoanani tena. Itupie samaki kama mlisho tu. Punje za kutia ndoanani zichague kabla hujatoka nyumbani: kubwa, zilizoanza tu kufunguka, uziweke kwenye kikopo chake zikiwa na maji. Kuchagua punje ukiwa ukingoni, vidole vimelowa na upepo unavuma, ni kupoteza wakati ambao samaki wanauma.

Vechi zimechanika ganda, au ni ngumu

Vechi ni mbegu za duara za mmea wa jamii ya kunde, ambazo kwenye mifuko ya madukani huandikwa tares. Ni kubwa kidogo kuliko hempu na hukaa ndoanani vizuri zaidi, ndiyo maana wavuvi wa rochi hutupa hempu na kuvua kwa vechi. Kipimo chake ni kidole: punje ikibanwa ibonyee hadi ipondeke, lakini ganda lake liwe zima. Ikiwa ngumu, samaki ataitema. Ikichanika, itadondoka unapotupa fimbo.

Hapa hakuna dakika za kuaminika. Mfuko mmoja huiva kwa dakika 20, mwingine huhitaji karibu saa. Loweka usiku na mchana, pika kwa moto mdogo sana, na baada ya dakika 15 uwe unajaribu punje mara kwa mara. Zikikaribia kuiva zima moto, maana joto lililomo litamalizia. Nami nadhani hii ndiyo mbegu inayostahili uvumilivu jikoni kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayobeba ndoana.

Mahindi bado magumu, ngano imekuwa uji

Mahindi makavu yanayouzwa kwa kuvulia karpi ni magumu kuliko yale ya kwetu ya makande, na yanahitaji kulowekwa saa 24 hadi 48. Baada ya hapo yachemshe angalau nusu saa, na saa nzima si dhambi. Kata punje moja katikati. Ukiona unga mkavu mweupe katikati, bado. Wengine hutumia mahindi matamu ya kopo, nayo ni mazuri mno kwa tenchi na rochi wakubwa. Tatizo lake ni kwamba kila mtu anayatumia, na karpi wa mabwawa yenye wavuvi wengi hujifunza kuyahofia. Punje ngumu iliyopikwa nyumbani huipita kopo kwenye maji kama hayo, na pia haing'olewi na samaki wadogo.

Ngano ni rahisi ukitumia chupa ya chai. Jaza theluthi moja ya chupa kwa ngano, mimina maji yanayochemka, acha nafasi juu, funga kwa kulegeza, lala. Asubuhi imefunguka. Usijaze chupa kwa ngano hata kidogo zaidi ya hapo. Ngano huvimba, na chupa yenye kioo ndani hupasuka. Ikitoka uji, basi uliiacha mno au ulianza na maji mengi na ngano laini. Uji huo ukiuchanganya na makombo ya mkate unakuwa mlisho mzuri wa brimu, hakuna haja ya kuutupa.

Mbegu zinanuka

Tofautisha kuchacha na kuoza. Mahindi yaliyolowekwa kisha yakapikwa na kukaa siku chache ndani ya maji yake hutoa povu kidogo na harufu ya uchachu mtamu. Karpi hawakatai hiyo, na wapo wavuvi wanaoitafuta kwa makusudi. Punje za ile jamii ya ndago zinazouzwa kwa jina la tiger nuts hutoa utelezi mzito wenye sukari baada ya siku mbili tatu, na utelezi huo ni sehemu ya mvuto wake.

Lakini ukiona ukungu wa kijani, wa kijivu au mweusi, au ukinusa uozo, tupa vyote kwenye pipa la taka, si mtoni. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa habari ya sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyoota ukungu yaliua watu 125. Punje ambayo usingempa kuku wako usimpe samaki wa mtu mwingine. Dawa ni ndogo: zikishapoa, zipakie kwenye mifuko ya ujazo wa siku moja na uzigandishe kwenye friza. Hempu ikigandishwa na kuyeyushwa haipotezi kitu.

Saa nzima, hakuna aliyegusa

Kama ulizoea funza, mbegu itakujaribu subira. Funza hujinyonganyonga na kumwita samaki. Hempu haifanyi hivyo. Samaki lazima aikute, aionje, aielewe, ndipo aanze kuitafuta. Mara nyingi saa ya kwanza huwa kimya kabisa, halafu mambo hugeuka ghafla.

Kinachochelewesha zaidi ni namna ya kutupia. Viganja viwili kwa mpigo mmoja, halafu hakuna kitu kwa nusu saa, ni kuwashibisha wachache waliopo na kuwafukuza wengine. Tupa punje 10 hadi 15 kila mara unapoachia chelezo (kile kinachoelea juu ya maji kukuonyesha samaki ameuma), kwa manati au kwa mkono, bila kukatisha, hata kama huoni dalili yoyote. Unawafundisha kwamba chakula kinashuka hapa, na kinashuka kila wakati.

Angalia pia mahali penyewe. Hempu ni ndogo na nzito. Kwenye chini ya changarawe, kama sehemu nyingi za mito ya Kennet, Avon ya Hampshire na Trent, inatulia juu ya mawe na katikati yake, na barbeli huichimbua kwa pua. Kwenye bwawa lenye tope zito inazama ndani ya tope na kupotea. Teremsha chubwi, ule uzito wa kwenye uzi, hadi chini kabla ya kuanza, uitazame inaporudi: ikija na tope jeusi lenye harufu mbaya, sogea mahali pengine au ubadili chambo.

Halafu kuna maji yenyewe. Mto uliojaa baada ya mvua, maji ya rangi ya chai ya maziwa, si wakati wa punje ndogo nyeusi, chukua nyungunyungu. Na baridi ikishaingia barabara, samaki hawana hamu ya kuponda mbegu mchana kutwa. Hempu kidogo inaweza kuvuta rochi hata siku ya majira ya baridi yenye joto la wastani, lakini siku iliyoganda umande usijitese, tumia mkate au funza.

Dalili moja ya kukutia moyo: kwenye maji yaliyotulia, vidoto vya mafuta vikianza kupanda juu na kutanuka pale ulipotupa, kuna kitu kinachochea mbegu zako huko chini. Usihame.

Chelezo kinazama ghafla, ukivuta ni tupu

Hili ndilo tatizo lenyewe la uvuvi wa mbegu, na ndilo linalowakatisha tamaa watu wazuri. Rochi anayekula hempu huzamisha chelezo kwa kasi ambayo jicho haliamini, na kabla mkono haujafika fimboni ameshaachia. Usianze kubadili kila kitu kwa pamoja. Anza kwa kutazama punje iliyorudi ndoanani.

Ikirudi imepondwa, ganda tupu linaning'inia, samaki aliichukua kweli, akaifikisha kooni, akaiponda na kutema. Ulichelewa, au ndoana haikuwa wazi. Hempu hutiwa kwa kusukuma mgongo wa mkunjo wa ndoana ndani ya ule ufa, ili ncha ibaki nje kabisa. Ukiichoma kwa ncha na kuificha ndani, ganda huzuia ncha isishike mdomo. Ndoana iwe namba 16 au 18 kwa hempu, 14 au 16 kwa vechi, nyembamba na kali. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Kisha badili punje. Weka vechi juu ya mlisho wa hempu: ni kubwa zaidi, na samaki huikawiza mdomoni kidogo. Huo ukawizi mdogo ndio unaoutaka. Mwezi wa Agosti na Septemba tunda dogo jeusi la mti wa elda, unaoota kwenye kingo nyingi za mito ya huku, hufanya kazi ileile, na rochi wameshaonja yaliyodondoka yenyewe.

Ikirudi nzima, haina hata alama, fikiria jambo ambalo wengi hawalifikirii: samaki hakuuma mbegu yako kabisa. Ameuma kichubwi. Vichubwi vya duara tunavyobana kwenye uzi vina ukubwa, umbo na rangi ya hempu. Samaki aliyezoea kudaka punje zinazoshuka huona punje tatu nne zimepangwa kwenye uzi na kudaka ya juu. Chelezo kinazama, unavuta, hakuna kitu, na punje iko salama. Tiba ni kuondoa maumbo ya duara. Tumia vichubwi virefu vyembamba vya mfano wa kijiti, vinavyobanwa kwenye uzi kwa koleo ndogo, au uzito mmoja mkubwa wa umbo la zeituni uliokaa juu, mbali na ndoana. Wavuvi wa zamani wa Trent na Thames walilijua hili vizuri. Mara nyingi badiliko hili peke yake hugeuza siku.

Ikirudi nzima na hata vichubwi umevibadili, tazama kina. Mlisho unaoshuka mfululizo huwainua rochi. Wanapanda katikati ya maji, wakati mwingine hadi chini kidogo ya uso, kuzidaka punje kabla ya kufika chini. Wewe bado unavua chini. Uzi unaguswa na miili yao, chelezo kinacheza, nawe unavuta hewa. Punguza kina kidogo kidogo, tandaza vichubwi vyako vidogo kwa nafasi sawa kando ya uzi ili punje ishuke polepole kama zile zinazotupwa, na uwe tayari kuvuta wakati chelezo bado hakijasimama. Wengine hupunguza hadi nusu ya kina cha maji. Jioni ya kiangazi hata hiyo inaweza kuwa chini mno.

La mwisho kwenye mlango huu ni chelezo kinachoelea mno. Ncha ikibaki juu ya maji kwa kirefu, samaki anahisi ukinzani na kuachia upesi zaidi. Ongeza vichubwi vidogo hadi ncha ionekane kwa tabu.

Wanakula zote isipokuwa ile yenye ndoana

Barbeli na karpi wakiingia kwenye zulia la hempu huweza kuzama katika kula kwao hadi wakapuuza kitu kingine chochote. Unawaona wanageuka chini, matumbo yakimetameta, na fimbo haitikisiki. Chambo kikubwa katikati ya maelfu ya punje ndogo hakimaanishi chochote kwao.

Njia ya kwanza ni kupunguza. Badala ya kilo, weka viganja vichache kwa kopo la kushushia mbegu, lile linalofunguka likigusa chini, kisha acha mahali pale papumzike kabla ya kutia ndoana. Kwa barbeli wa mto wenye changarawe, mimi naona saa nzima ya kusubiri inalipa kuliko marekebisho yote ya uzi. Waache waingie, wale bila hofu, wapunguze mlisho, waanze kushindania punje zilizobaki. Hapo ndipo utupe.

Njia ya pili ni unywele: kijiuzi chembamba kinachotokea nyuma ya ndoana na kubeba chambo, ndoana ikibaki tupu. Mbinu hii hutajwa pamoja na Lenny Middleton na Kevin Maddocks, wavuvi wa karpi wa Kiingereza, na ilienea miaka ya 1980. Mahindi hutobolewa kwa sindano na kutungwa mawili au matatu. Kwa hempu, punje chache zinaweza kubandikwa kwenye kipande kidogo cheusi cha povu. Samaki anapovuta punje na kuitema, ndoana iliyo wazi inageuka na kushika mdomo wa chini. Kwa samaki wenye meno kooni hakuna uvumbuzi uliowafaa wavuvi zaidi ya huu.

Walianza vizuri, kisha kimya

Mtoni, sababu ya kwanza ya kushuku ni kwamba wamesogea kufuata mbegu. Punje huchukuliwa na maji kabla ya kufika chini, na kadiri mto ulivyo na kina na kasi ndivyo inavyotua mbali. Dondosha chache kando ya ukingo pale maji yanapoonekana, uhesabu zinachukua muda gani kufika chini na zinasogea kiasi gani. Ndipo utajua utupe umbali gani juu ya mto kutoka kwenye chelezo chako. Halafu acha chelezo kiteremke mita kadhaa kupita pale ulipozoea. Mara nyingi utawakuta huko.

Sababu ya pili ni kushiba, na hiyo umeisababisha wewe. Simamisha mlisho kwa dakika 20, uone. Ya tatu ni paiki, samaki anayewinda samaki wenzake. Rochi wadogo wakiruka juu ya maji kwa kundi kisha pakawa kimya, mwindaji ameingia, na mbegu haina cha kufanya juu ya hilo.

Bata na kamba

Bata, bata bukini na batamaji (swan) wale weupe wakubwa hujifunza mlio wa manati upesi mno. Wale weupe wenye shingo ndefu hufika chini kwenye maji ya kina cha kama mita moja. Vua kwenye kina zaidi ya hapo, tumia kopo la kushushia badala ya manati, na usitupe mbegu zinazoelea. Hao ndio ndege waliosababisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 1987 na kupiga marufuku, England na Wales, vichubwi vya risasi vya kati ya gramu 0.06 na 28.35, kwa kuwa walikuwa wakivimeza na kufa kwa sumu. Vichubwi vya kale vilivyomo kwenye sanduku ulilopewa na mzee fulani, usivitumie.

Kamba wa maji baridi (crayfish) kutoka Amerika Kaskazini, walioletwa Uingereza miaka ya 1970 kwa ufugaji na kutoroka, ni tabu nyingine. Wakenya wanaolijua Ziwa Naivasha wanafahamu kisa cha kufanana nacho. Dalili ni kutikisika kidogo kidogo kusikokoma, na punje inarudi imetafunwa pembeni. Mahindi magumu na tiger nuts hustahimili zaidi kuliko vitu laini. Wakiwa wengi sana, inua chambo kutoka chini au hama.

Mlinzi wa bwawa amekukataza mbegu

Msikilize, wala usibishane. Mabwawa mengi ya karpi hukataza njugu za kila aina, mengine huruhusu tiger nuts zilizopikwa na wenyewe tu, na mengine hukataza mbegu zote isipokuwa za kopo. Soma ubao wa masharti kabla ya kufungua mfuko.

Katazo hilo limetokana na watu waliotupa punje mbichi. Punje kavu huvimba inapokunywa maji, na ikivimba ndani ya utumbo wa samaki inamdhuru. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemshwa kwa nguvu angalau dakika 10 baada ya kulowekwa; kuyachemsha kwa moto mdogo tu hakutoshi. Karanga zilizokaa vibaya hubeba sumukuvu. Hayo yote yanaepukika kwa sufuria na subira. Samaki unayemvua asubuhi na kumrudisha majini anaweza kuwa na umri wa miaka 20 au zaidi, na atavuliwa na watoto wa watu wengine baada yako. Kuokoa gesi ya nusu saa kwa gharama yake ni jambo ambalo siwezi kulielewa. Kama huna muda wa kuloweka na kupika, nunua kopo.

Kuhusu hempu, utasikia pia kwamba inawalevya samaki. Zamani vyama kadhaa vya wavuvi wa Kiingereza viliikataza kwa imani hiyo. Haiwalevyi. Wanaipenda kwa mafuta yake na kwa sababu ni rahisi kuponda. Hata hivyo, ukienda likizo nyumbani usiitie kwenye begi. Mbegu za jamii ya bangi uwanja wa ndege wa Nairobi au Dar es Salaam ni maswali usiyoyahitaji. Ukitaka kuvua karpi Naivasha, walikoingia kwa bahati mbaya karibu na mwisho wa miaka ya 1990, mahindi ya sokoni yaliyolowekwa na kupikwa yanatosha kabisa, kwa kanuni zilezile za hapo juu.

Jioni imefika na mbegu zimebaki

Usimwage ndoo mtoni unapoondoka. Rundo la mbegu zisizoliwa huoza chini, na anayekuja kesho atavua mahali palipoharibika. Chuja zilizobaki, zinuse. Kama ziko sawa na hazikukaa juani, zirudishe nyumbani, zichemshe dakika tano, zipoe, zigandishe tena kwa ajili ya mlisho tu, si wa kutia ndoanani. Suuza ndoo siku hiyo hiyo kwa maji ya moto. Na neti yako ya kuopolea samaki ianike juani hadi ikauke kabisa kabla ya kuipeleka maji mengine, kwa sababu magonjwa ya samaki na mayai ya wadudu wa majini husafiri kwenye nyuzi zilizolowa.